Chumvi ya Mbuzi wa Mahari

—Mounira! Toka inje uone mahari yako vile inalala!

Sauti ya baba ilinikuta nikiwa na sabuni usoni. Nikatoka hivyo hivyo. Nyuma ya jiko, kando ya ukuta wa matofali, mbuzi wa pili alikuwa amelala ubavu, miguu imekakamaa, tumbo limevimba. Nzi walishafika kabla yangu.

—Ya kwanza juma iliyopita, baba akasema. —Leo ya pili. Imebaki moja. Na zote hazikuchinjwa, ni nyamafu, hata kipande hatuwezi kugusa. Mutu anajiita dokta wa mifugo, halafu analeta mbuzi wagonjwa kwa mahari ya binti yangu!

Mama yangu, Waridi, akachungulia kutoka jikoni.

—Baba Mounira, sema polepole. Jirani wanasikia.

—Wasikie! Na yule wa Kabambare asikie pia. Lete simu.

Nikaleta. Baba akampigia Ayoubu, mchumba wangu, akaweka sauti ya juu ili mtu asije akasema hakusikia.

—Ayoubu, mbuzi yako ya pili imekufa.

—Pole sana, Baba. Ilianza namna gani? Iliacha kula? Tumbo ilivimba?

—Sikukupigia juu uniulize. Nakupigia juu nikuambie. Mimi Souleymane siozi binti kwa nyamafu. Umetuletea ugonjwa ndani ya lupango.

—Baba, wale mbuzi niliwapima mimi mwenyewe. Walikuwa wazima. Naomba kitu kimoja tu: musimuzike. Mumupasue tumbo, muangalie iko nini ndani.

—Nipasue nyamafu kwangu, watu waseme Souleymane anakula nyamafu? Unanitukana tena? Posa imesimama. Nikitaka kusema na wewe, nitakuita.

Akakata. Mbuzi akabebwa kwenye toroli, akazikwa pembeni ya shamba la mihogo, na mimi nikarudi kunawa ile sabuni. Ilikuwa imeshakauka.

Ayoubu nilimjua kwa sababu ya chumvi.

Duka letu liko sokoni Kasongo, na lupango yetu, ua na nyumba, iko nyuma yake, ukuta kwa ukuta. Baba anauza sashe za jumla, ile mifuko myepesi ya plastiki: nyeusi za kubebea, za buluu za michirizi, na zile ndogo nyeupe za kufungia chumvi, sukari na mafuta. Mimi nauza chumvi rejareja. Siku hiyo akaja kijana mrefu, viatu vimejaa udongo mwekundu wa njia ya Kabambare, akaomba nusu kilo. Nikapima, nikafungua sashe. Akatoa mkebe wa maziwa ya unga mfukoni.

—Mimina humu.

—Na sashe?

—Ubaki nayo.

—Sashe ni ya bure, kaka.

—Hiyo njo tatizo yake. Ingekuwa ya bei, watu hawangeitupa.

Halafu akatoa karatasi. Ilikuwa inaomba bunge la jimbo kule Kindu lipige sheria ya kukataza sashe za kutumia mara moja na kutupa. Chini yake kulikuwa na mistari mingi ya sahihi, karibu yote mitupu.

—Unajua hii ni duka ya nani? nikamwuliza.

—Ya Baba Souleymane, mukubwa wa sashe. Njo maana nimeanzia hapa. Hapa pakisaini, soko yote itasaini.

—Hapa hautapata sahihi.

—Basi nitarudi kununua chumvi.

Akarudi. Alirudi mara nyingi sana, hata ungedhani Kabambare nzima haina chumvi. Kila mara alinipa ile karatasi, na kila mara nilimjibu kesho.

—Hii kesho yako, Mounira, iko ndefu kupita barabara ya kwetu.

Nikacheka, na nikampenda. Nasema wazi, nilimpenda kuanzia ule mkebe.

Baba naye hakuiogopa karatasi. Aliposikia posa akasema kijana ana kichwa, hizo sahihi zitapita tu. Kinshasa walishakataza sashe zamani kwa dekreti, amri ya serikali, na yeye bado anauza. Ayoubu akatuletea mbuzi watatu kutoka Kabambare, wamefungwa vizuri juu ya pikipiki mbili, wakashuka wanalia na kurukaruka. Harusi ikapangwa baada ya mavuno ya mpunga.

Sasa niseme kile ambacho sikukisema wakati ule.

Marehemu bibi yangu alituachia neno: mbuzi wa mahari akitoroka kurudi alikotoka, ndoa nayo itarudi. Kwa hiyo kwetu bibi arusi mwenyewe huwapa mbuzi chumvi, kila asubuhi, siku arobaini, mpaka wazoee nyumba. Bibi alikuwa akiwapa juu ya jiwe. Mimi sikuwa na jiwe karibu, nilikuwa na sashe. Nilichukua zile ndogo nyeupe nilizokwisha kufunga kwa ajili ya wateja, nikatoboa pembe, nikamshikisha mbuzi alambe. Siku ya tatu mmoja akavuta, akameza chumvi na sashe yake. Nilicheka mpaka machozi. Nikafanya vile tena kesho yake.

Mbuzi wa Kabambare hawakuwa wanajua sashe ni nini. Mimi ndiye niliyewafundisha. Baada ya majuma mawili walikuwa wakiona sashe yoyote wanaikimbilia, iwe nyeusi, iwe ya buluu, hata zile zilizopeperushwa na upepo kutoka dukani. Nilikuwa nawaona, nikasema tumbo la mbuzi halishindwi na kitu.

Saa nne ya asubuhi ile ile alipozikwa mbuzi wa pili, Ayoubu akanipigia mimi.

—Mounira, Baba yako amekasirika, nimesikia. Wewe niambie polepole. Wanakula nini pale kwenu?

—Majani. Maganda ya ndizi.

—Na nini tena?

—Basi.

—Sashe je? Lupango yenu iko nyuma ya duka.

Nilimwona baba kupitia mlango, anampangia mteja furushi za sashe juu ya meza. Nikawaza: nikisema kweli, nimeua mbuzi wa mahari yangu kwa mkono wangu, na nimempa Ayoubu neno la kumpiga nalo baba.

—Kamba ni fupi, nikasema. —Hawafikii.

—Sawa. Nakuamini.

Ningefurahi kama angenibishia.

Maneno yalipanda pikipiki, yakafika Kabambare kabla ya baba kusamehe. Baada ya siku tano nikapata ujumbe:

"Leo wafugaji wa hapa wamekataa niwachanjie mbuzi. Wanasema dokta gani huyu, mbuzi za mahari yake mwenyewe zinakufa. Mutu mumoja amesema niliwachoma sindano ya ugonjwa juu ya kupata kazi. Nakuuliza tena, ya mwisho. Hakuna kitu mulizipa?"

Niliandika: "Samahani, nilikuwa nazipa chumvi." Nikafuta. Nikaandika: "Nitakupigia." Nikafuta. Mwishowe nikatuma neno moja: "Hakuna."

Yeye akajibu: "Sawa." Baada ya hapo hakuandika tena.

Mbuzi wa tatu akaanza kuvimba siku ya Jumatano. Aligeuzia kichwa ukutani, akakataa hata majani mabichi. Nilikwenda kwa Victorine, mama anayeuza majani ya magungu mbele ya duka letu, yale mapana ya kufungia samaki na chikwange, mikate ya mihogo. Shamba lake liko nje ya mji, na yeye ndiye aliyekuwa akimkusanyia Ayoubu sahihi za soko la Kasongo.

—Mama Victorine, mbuzi akivimba hivi ni nini?

—Kwangu walikufa watatu, akasema bila kuacha kupanga majani yake. —Tulipasua. Sashe tupu.

Niligeuka kuangalia mlango wa duka letu.

—We Mounira, mbona uso umebadilika?

—Hakuna, Mama.

—Hakuna njo jina ya kitu gani?

Nikaondoka. Nyuma ya mlango wa duka nikampigia Ayoubu. Simu iliita muda mrefu.

—Ya tatu imeanza kuvimba, nikasema. —Kuja.

—Baba yako alinifukuza.

—Mimi njo nakuita.

Akafika kesho yake baada ya sala ya adhuhuri, matope mpaka magotini. Baba alisimama mlangoni kama nguzo.

—Nilikuita?

—Hapana, Baba. Sikuja juu ya posa. Nilikuja juu ya mbuzi.

Mjomba wangu Atumani, kaka wa mama, ndiye huwa anachinja kwetu. Alikuwa amekaa barazani, akasema:

—Shemeji, muache aangalie. Kuangalia hakuchukui kitu.

Ayoubu alipiga magoti, akabonyeza tumbo kwa ngumi, akaweka sikio. Aliposimama hakunitazama.

—Hatapona. Lakini bado ana uhai. Achinjwe sasa kwa Bismillahi, hapo hakuna mutu atasema nyamafu. Halafu nipasue tumbo mbele yenu wote. Kama ni ugonjwa nilileta, nitajua, na nitaomba samahani hapa hapa.

Baba aliangalia kushoto na kulia. Jirani wawili walikuwa wameshasimama kwenye ukuta.

—Atumani, chinja.

Kilichotoka tumboni kilikuwa bonge kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, gumu, limejifunga lenyewe. Ayoubu akaliweka katika beseni, akalimwagia maji, akaanza kulikunjua. Nyeusi. Ya buluu. Nyeusi. Halafu zile ndogo nyeupe, moja baada ya nyingine, nyingi, mafundo yake bado yamefungwa.

Mama akaziba mdomo kwa kitenge.

Baba akainama. Akachukua moja nyeupe, akaizungusha mbele ya macho, akachukua ya pili, na ya tatu. Mtu aliyeuza sashe miaka kumi na mitano anajua kusoma fundo. Kila mtu hapa sokoni hulizungushia upande wa kulia, isipokuwa mmoja, na huyo mmoja anatumia mkono wa kushoto tangu utotoni.

—Mounira, akasema taratibu. —Hii fundo ni yako.

Watu wote wakanigeukia.

—Nilikuwa nawapa chumvi, nikasema. —Ile ya Bibi, juu wasitoroke. Natoboa sashe, wanalamba. Moja alipomeza, nilicheka. Halafu walizoea. Wakawa wanafuata kila sashe.

—Na ulijua? baba akauliza.

—Nilijua tangu ya kwanza kufa.

Ayoubu alikuwa ananawa mikono. Alinawa polepole, kidole kwa kidole, mpaka nikatamani anipige kelele.

—Nilikuuliza mara mbili, akasema.

—Najua.

—Siudhiki juu ya mbuzi, Mounira. Mbuzi ni wengi Kabambare. Jina niko nayo moja tu.

—Ayoubu, nilikuwa na woga.

—Hata mimi. Lakini woga yangu sikukubebesha.

Akawaaga mama na mjomba kwa heshima, akapanda pikipiki. Nilimkimbilia mpaka barabarani. Hakugeuka, na sikumlaumu.

Jioni baba alituketisha, mama na mimi.

—Maneno ya leo yanabaki ndani ya lupango. Jumatatu wabunge wanafika kutoka Kindu, wanataka kusikia watu juu ya ile sheria. Mimi njo nitasema kwa jina la wauzaji. Musinivunje.

—Na jina la Ayoubu, Baba?

—Atapata lingine.

—Jina haliuzwi kwa jumla, Baba.

Mama akanifinya paja. Baba akaondoka bila kumaliza chai.

Jumatatu ukumbi wa mkutano ulijaa mpaka madirishani. Wabunge watatu walikaa mezani, mwenyekiti wao mwanamke mwenye miwani. Baba akaitwa. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe na kofia yake ya Idi, na nasema kweli, alisema vizuri.

—Waheshimiwa, hamutaona mutu hapa anapenda uchafu. Lakini mama mwenye kuuza chumvi ya kijiko kimoja, atamupa muteja chumvi mukononi? Mvua ikinyesha, unga utabebwa na nini? Mukikataza sashe leo, kesho sokoni mutu wa kwanza kulia ni masikini, hapana mimi. Mimi nitauza kitu ingine.

Watu wakapiga makofi. Hata mimi mikono ilitaka kupiga, kwa sababu mengi aliyosema yalikuwa kweli.

—Kuna mwingine? mwenyekiti akauliza.

Nikasimama.

—Naitwa Mounira binti Souleymane. Huyu aliyesema ni baba yangu.

Ukumbi ukacheka. Baba hakucheka.

—Nauza chumvi ya kijiko kimoja. Njo mimi yule mama Baba amesema. Mulisikia wote kwamba dokta Ayoubu wa Kabambare alileta mbuzi wagonjwa kwa mahari yangu. Ni uongo. Walikuwa wazima, wanaruka. Mimi niliwapa chumvi ndani ya sashe mpaka wakajifunza kula sashe. Wamekufa wote watatu. Tulipasua wa tatu, ndani muko mafundo yangu mwenyewe. Ayoubu aliniuliza mara mbili nikakana. Kwa hiyo kama kuna mutu hapa ana ndugu Kabambare, amupigie simu leo, amuambie: yule dokta hana kosa. Kosa ni yangu.

—Na sheria? mwenyekiti akauliza. —Unaiunga mkono ama unaikataa?

—Naiunga. Chumvi inaweza kufungwa ndani ya jani ya magungu kama bibi zetu walivyofanya, Mama Victorine huyu anauza mbele ya duka yetu. Mafuta iingie chupa, muteja alete yake. Unga iko na kikapu na gunia. Ni kazi kidogo zaidi, sikatai. Lakini mimi nauza sashe tangu utoto, na nawaambia: tukiwaacha watu wachague wenyewe, hatutaacha. Hata mimi sikuacha, na nilikuwa naona mbuzi wanakufa. Njo maana inahitaji sheria.

Mtu mmoja nyuma akapaza sauti:

—Na baba yako atakula nini?

Nikasema:

—Atakula na mimi.

Victorine alikuwa ameshika ile karatasi ya Ayoubu. Akanipa kalamu. Nikaandika jina langu kwa mkono wa kushoto, mbele ya baba, na nilipoinua kichwa kiti chake kilikuwa kitupu.

Siku tatu baba hakunisemesha. Alikula, alisali, alifungua duka, alifunga duka. Simu yangu nayo ilikuwa kimya. Nilimwandikia Ayoubu: "Nimesema mbele ya watu." Hakuna jibu. Nikaandika tena: "Sikufanya juu urudi. Nilifanya juu ilikuwa yako." Hakuna jibu. Nililia, nikafunga chumvi, nikalia tena. Chumvi niliifunga kwa majani, na wateja wawili walinicheka, watatu wakachukua.

Asubuhi ya nne baba alikuja akasimama mlangoni pa jiko.

—Wale mbuzi, siku walishuka kwa pikipiki. Walikuwa wazima kweli?

—Kweli, Baba. Mmoja alimupiga mjomba pembe.

—Hata mimi nakumbuka. Akaegemea mlango. —Basi nilimuonea mutoto wa watu. Na nilikuwa tayari kumuonea tena juu ya furushi za sashe.

Akaingia ndani, akatoka amevaa buti za mvua na koti, akamwita mwendesha pikipiki.

—Unaenda wapi? mama akauliza.

—Kabambare.

—Tangu lini baba wa bibi arusi anamufuata bwana arusi?

—Tangu leo, Waridi. Nipe maji ya njia.

Kesho yake, saa kumi ya mchana, simu yangu ikalia. Ujumbe:

"Baba yako iko hapa. Matope mpaka kwa kofia. Tumemupa kiti, amekataa kukaa mpaka nimusamehe. Amesimama tangu adhuhuri. Wafugaji wamejaa kuangalia. Nifanye nini?"

Nikajibu: "Musamehe, ana goti bovu."

"Nilishamusamehe. Bado amesimama. Anasema nimusamehe kwa sauti."

Baada ya nusu saa simu ikaita. Nikapokea.

—Amekaa, Ayoubu akasema. —Anakula. Amewaambia watu wote hapa kwamba yeye njo alisema vibaya. Asubuhi mutu mumoja alikuwa ameniita kwa mbuzi zake. Sasa wameniita wanne.

—Alhamdulillahi.

—Ile siku ya wabunge, Victorine alirekodi sauti yako, akanitumia. Nimeisikiliza mara tano.

—Mbona haukuniandikia?

—Nilikuwa na hasira.

—Na sasa?

—Sasa pia, kidogo.

—Itaisha lini?

Nikamsikia anacheka ule mcheko wake wa puani niliokuwa nimeukosa.

—Mavuno ya mpunga ni lini huko kwenu?

Nililia kwa sauti mpaka mama akaja mbio akidhani kuna msiba.

Kabla baba hajaondoka Kabambare, aliomba aone karatasi ya sahihi za huko. Akasaini. Lakini Souleymane ni Souleymane, na chini ya jina lake aliandika: "Nakubali, lakini mutupe miezi sita wauzaji tumalize zile tuko nazo." Ayoubu akasema wazo hilo ni la haki, akalipeleka Kindu pamoja na sahihi zingine. Hadi leo wabunge hawajaipigia kura ile sheria. Victorine huwapigia simu kila juma, na nadhani wataipitisha angalau wapate kupumua. Baba hakungoja. Ameanza kuleta vikapu kutoka Nyangwe na anasema faida ni ndogo lakini panya hawavipendi.

Tulioana baada ya mavuno. Shehe aliponiuliza nataka mahari gani, maana ni haki ya bibi arusi kutaja mwenyewe, wanaume wote walinyamaza kusikiliza. Nilisema:

—Mbuzi mumoja. Mzima.

Mjomba Atumani akacheka mpaka kofia ikaanguka. Ayoubu hakucheka. Alinijibu mwenyewe kabla shehe hajamgeukia:

—Nimekubali. Na safari hii nitakuja kuangalia anakula nini.

—Kuja, nikasema.

Wali na nyama ya harusi viligawiwa ndani ya majani ya magungu, Victorine akisimamia kama jenerali. Mbuzi wa mahari alifungwa nyuma ya jiko, pale pale kando ya ukuta. Kabla ya kuvaa nguo za kuondokea nilikwenda kumwona. Ayoubu alinikuta hapo, ameshika ule mkebe wake wa maziwa ya unga, umejaa chumvi.

—Siku arobaini, Mounira. Bibi yako alisema.

—Lakini tunaondoka leo, na yeye tunaondoka naye. Atatoroka aende wapi?

—Hata hivyo.

Akanimiminia chumvi kwenye kiganja. Nikainama, mbuzi akalamba, ulimi wake mkavu unakwaruza, na nilibaki hapo nimenyoosha mkono mpaka akamaliza.